Ilula na Kilolo: Wilaya Moja, Somo Zima la Miji

Mada ya makazi katika jiografia ya kidato cha nne imezoea kudharauliwa. Mwanafunzi anakariri mambo matano yanayokuza mji, yaani maji, ardhi tambarare, usafiri, biashara na utawala, anayamwaga kwenye karatasi ya mtihani na alama zake anazipata. Lakini muulize mtoto wa Kilolo kwa nini Ilula ni mji mkubwa kuliko Kilolo, ilhali mkuu wa wilaya na halmashauri wako Kilolo. Atababaika, maana orodha aliyokariri inasema utawala hukuza mji, na hapa utawala umekaa upande wa pili.

Mimi naona swali hilo linatosha kubeba mada nzima. Tulichambue jinsi linavyoweza kujengwa kuwa somo.

Wilaya ya Kilolo ilimegwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002, na sensa ya 2012 ilikuta humo watu 218,130. Kwa mwalimu, bahati yake ni umbo lake. Mashariki, kando ya Mto Ruaha Mkuu, ipo Ruaha Mbuyuni, nchi ya joto, mibuyu na vitunguu vya kumwagilia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia inatoka huko chini, inakwea Mlima Kitonga, kisha inafika Ilula, kwenye nyanya. Kusini, ng'ambo ya bonde la Lukosi, zinainuka nyanda za Kilolo na Dabaga hadi Boma la Ng'ombe kwenye Milima ya Udzungwa: baridi, ukungu, misonobari, viazi, na ulanzi wakati wa masika. Makao makuu yako huku juu. Mtu wa Ruaha Mbuyuni mwenye shida ya halmashauri mara nyingi hupanda Kitonga, akaipita Ilula, akafika Iringa mjini, wilaya nyingine kabisa, ndipo ageuze kuelekea Kilolo.

Hapo mwalimu anaweza kutenganisha mambo mawili ambayo vitabu hutaja kwa pumzi moja: mahali mji ulipokaa na nafasi yake kwa majirani. Mahali ni udongo, maji, mteremko na hewa. Nafasi ni nani anapita, anatoka wapi na anakwenda wapi. Kwa mahali, Kilolo haina la kujutia, kwani mvua ipo na miti ipo. Kwa nafasi, Ilula imepata kisichopandwa wala kununuliwa: kila lori linalotoka Kitonga lazima lipite mlangoni pake. Linalopanda limechemsha injini, linaloshuka linataka breki zikaguliwe kabla ya makorongo. Dereva anasimama, na palipo na dereva aliyesimama patazuka mamalishe, fundi pancha na gesti.

Ila wanafunzi wasidhani barabara ilikuwepo tangu enzi. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini iliingia mashakani, na mizigo yake ikaanza kumiminika Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na matope. Lami iliyofuata ni zao la siasa hiyo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilizunguka upande wa pili wa Udzungwa, kwenye bonde la Kilombero, ikatokea Mlimba na kupanda hadi Makambako. Iringa na Ilula hazikupata stesheni. Mizigo yao ikabaki juu ya matairi mpaka leo, na mji wa matairi una sura yake.

Sura hiyo ndiyo ya kupimwa. Darasa ligawanywe vikundi, kila kimoja kipewe kipande cha mji na daftari lenye mistari miwili, kulia na kushoto kwa barabara. Waandike kila biashara kwa mpangilio ilivyo: duka la pembejeo, wakala wa fedha, gereji, duka la dawa, wanaopigilia matenga ya nyanya. (Waanze na barabara za ndani. Barabara kuu yenye malori ya Zambia si mahali pa kupanga watoto 40.) Kisha kila biashara iulizwe swali moja: lami ikihamishwa kesho kilomita kumi kutoka hapa, wewe utabaki? Gesti nyingi zitafunga. Duka la mbolea litabaki, maana mteja wake ni mkulima. Fundi wa matenga yuko katikati, na ndiye mwenye faida kubwa kwa somo: nyanya zake ni za hapa, lakini mnunuzi amekuja na Fuso kutoka Dar es Salaam. Na mbao zake zinatoka wapi? Swali hilo linawapeleka wanafunzi wenyewe kwenye misitu, bila mwalimu kutamka mada mpya.

Katika kuhesabu huko mwanafunzi anagundua mji unaishi kwa nini. Orodha ya kazi za miji iliyoko kitabuni haimfikishi hapo.

Hatua inayofuata ni ya Walter Christaller, Mjerumani aliyeeleza mwaka 1933 kwamba kila huduma inahitaji idadi ya chini ya wateja ili isife, na kwamba mteja ana umbali ambao hatakubali kuuvuka. Vitabu vinarukia michoro ya pembe sita na darasa linasinzia. Afadhali kuanza na mnada. Muuza mitumba asiyepata wateja wa kutosha kijiji kimoja kwa wiki nzima anazungusha mzigo wake, leo hapa, kesho kule, hadi idadi itimie. Wanafunzi wakiwauliza wauzaji na wanunuzi wametoka wapi, kisha wakachora mstari kwa kila jibu kwenye ramani ya 1:50,000, hawatapata duara. Watapata umbo refu lililonyooka na lami, jembamba pande za milimani. Hapo ndipo wazungumze kwa nini nadharia iliyozaliwa kwenye tambarare za Ujerumani ya Kusini inapinda ikifika Kitonga.

Mtego mmoja unahitaji tahadhari. Kitabu kinasema nyumba zilizojipanga kando ya barabara zimefuata barabara. Sehemu nyingi za Tanzania nyumba hizo hazikufuata kitu, watu walihamishwa. Operesheni Vijiji ya 1974 iliwakusanya wakulima waliokuwa wametawanyika, na mara nyingi ikawapanga kwenye mistari njiani. Picha ya anga haiwezi kutofautisha tamaa ya muuza duka na amri ya serikali. Mzee wa kijiji anaweza, tena kwa nusu saa. Kuna hasara ndogo hapa ambayo walimu wanaijua: mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili na Kihehe, ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, na nusu ya utamu unabaki njiani.

Kwa kulinganisha, nisingependekeza Chicago ya Ernest Burgess na miduara yake ya 1925 ya kueleza mpangilio wa mji kabla ya Iringa mjini. Wajerumani waliuweka mji huo juu ya kilima mwaka 1896, wakipigana na Mkwawa, kwa sababu za kijeshi. Barabara kuu ikapita bondeni, Ipogolo, kwenye Ruaha Mdogo. Sasa stendi kuu ya mabasi iko Igumbilo, nje ya katikati ya mji. Mji wa ngome unashuka polepole kuifuata njia, na mduara wowote utakaouchora utakatwa na mteremko.

Mbeya inafundisha jambo jingine: sababu ya kuzaliwa kwa mji si lazima iwe sababu ya kuishi kwake. Ulianzishwa 1927 kwa dhahabu ya Lupa. Dhahabu ilipofifia mji haukufa, kwani barabara, TAZARA na mpaka wa Tunduma viliupa kazi mpya, na sensa ya 2022 ikauhesabia watu 541,603, wengi wao kwenye ukanda unaoifuata barabara kutoka Uyole kuelekea Mbalizi.

Tukirudi Kilolo, kipo kipimo ambacho darasa linaweza kukianza bila kusubiri mtu. Wakazi wameililia lami ya barabara ya Ipogolo–Kilolo kwa miaka mingi, na kila mtu anaamini itaukuza mji. Huenda. Lakini njia fupi humleta mteja na humchukua pia: mtumishi wa halmashauri ataweza kulala Iringa na kwenda kazini asubuhi, na mama wa Kilolo ataweza kununua sare za shule Iringa na kurudi kabla ya jioni. Wanafunzi wahesabu maduka ya Kilolo mwaka huu, waandike nauli, muda wa safari na bidhaa ambazo watu huzifuata Iringa, kisha waliache daftari shuleni ili kidato kijacho kihesabu tena.