Duara la nne: hesabu aliyopewa Binti Mfalme

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano maduara matatu karatasini, kisha umwambie atafute la nne linaloyagusa yote. Wengi watakimbilia bikari. Watachora, watafuta, watachora tena, na mwisho watapata kitu kinachokaribia ukweli. Mwenye moyo wa aljebra ataandika milinganyo mitatu na kufungua mabano, lakini akishaona x², y² na r² zimetapakaa ukurasa mzima, naye ataanza kuitamani bikari. Wanaoishia hapo ni wengi, na wanaishia hatua moja tu kabla kazi haijawa nyepesi. Hatua hiyo ni kutoa.

Tuanze na maduara mawili, tuione kwa udogo wake. La kwanza ni x² + y² = 25, yaani kitovu chake ni (0, 0) na nusukipenyo ni 5. La pili ni (x − 6)² + y² = 13. Yanakatana wapi? Fungua mabano ya la pili upate x² − 12x + 36 + y² = 13, kisha litoe kutoka kwenye la kwanza. Vipeo vya pili vyote vinafutana. Kinachobaki ni 12x − 36 = 12, yaani x = 4. Rudisha 4 kwenye duara la kwanza na y inakuwa 3 au −3. Maduara mawili yametoa mstari ulionyooka, na mstari huo unapita mle mle yanamokatana.

Hili si jambo la bahati. Katika mlinganyo wa kila duara, x² na y² hutanguliwa na namba ileile, na ukiigawanya inabaki 1. Sura hiyo ndiyo inayolitofautisha duara na duaradufu, na ndiyo inayofanya kutoa kuwe silaha. Vitabu vingi vya shule hupitia jambo hili haraka mno, vikatumia kurasa nyingi kwenye kukamilisha mraba ili kupata kitovu. Kukamilisha mraba ni muhimu, sibishi, lakini kunakuonyesha duara moja tu. Kazi yenye utamu huanza maduara yakiwa mawili au matatu.

Swali la duara la nne ni la kale. Linahesabiwa kuwa la Apollonius wa Perga, ingawa kitabu chake kilichokuwa nalo kimepotea na habari zake tumezipata kwa Pappus wa Alexandria. Mwishoni mwa karne ya 16 Adriaan van Roomen alilifumbua kwa kukatanisha haipabola, na mwaka 1600 François Viète akaonyesha kwamba rula na bikari zinatosha. Njia zote mbili zilikuwa za kuchora.

Novemba 1643 swali hilo lilikuwa mezani kwa Elisabeth wa Bohemia. Binti Mfalme huyu, aliyekuwa hajatimiza miaka 25, aliishi uhamishoni The Hague baada ya baba yake kupoteza kiti cha ufalme. Aliyempa swali ni René Descartes, aliyekuwa akiishi Egmond, Uholanzi hukohuko. Baada ya kulitoa, mwenyewe aliingiwa na wasiwasi kwamba amemtwisha mwenzake mzigo mzito, basi tarehe 17 Novemba akamwandikia barua ya kumweleza jinsi yeye angelikabili.

Barua hiyo ni somo la namna ya kupanga hesabu. Descartes anasema hahitaji kanuni nyingi. Zinamtosha mbili: ile ya Pythagoras, na ile isemayo kwamba pembetatu zenye umbo moja huwa na pande zenye uwiano mmoja. Kisha anaongeza neno ambalo walimu wengi hawalisemi: usiogope kuweka visivyojulikana vingi. Shuleni tunazoeshwa kinyume chake. Tukiona x peke yake tunashukuru, ikitokea y tunakunja uso, na ikija r tunainua mkono kuuliza kama swali limekosewa. Descartes anaweka vitatu kwa makusudi, kwa sababu kila kisichojulikana anachokikubali kinamwondolea mchoro mmoja wa kusumbua.

Inafaa kukumbuka kwamba hakuwa na karatasi ya grafu kama yetu, yenye mihimili miwili na sifuri katikati. Alidondosha mistari wima ndani ya mchoro na kuzipa pande zake herufi. Mimi nitaiweka njia yake katika mihimili ya leo, na namba nitachagua mwenyewe ili tuone kila hatua.

Chukua maduara matatu yanayogusana: A yenye kitovu (0, 0) na nusukipenyo 1, B yenye kitovu (3, 0) na nusukipenyo 2, C yenye kitovu (0, 4) na nusukipenyo 3. Vitovu vyake vinafanya pembetatu mraba ya 3, 4 na 5. Katikati ya maduara haya kuna nafasi nyembamba, nasi tunataka duara dogo linaloingia humo na kuyagusa yote. Kitovu chake tukiite (x, y), nusukipenyo chake r.

Maduara mawili yakigusana kwa nje, umbali kati ya vitovu vyake ni jumla ya nusukipenyo cha hili na cha lile. Hiyo ndiyo Pythagoras tuliyoihitaji:

x² + y² = (r + 1)²

(x − 3)² + y² = (r + 2)²

x² + (y − 4)² = (r + 3)²

Fungua mabano yote. Usijaribu kutafuta kipeuo cha pili popote. Anayeanza na vipeuo hapa hatoki salama. Utapata:

x² + y² = r² + 2r + 1

x² + y² − 6x + 9 = r² + 4r + 4

x² + y² − 8y + 16 = r² + 6r + 9

Sasa toa. Mlinganyo wa pili ukitolewa kwenye wa kwanza unabakiza 6x − 9 = −2r − 3, yaani x = 1 − r/3. Wa tatu ukitolewa kwenye wa kwanza unabakiza 8y − 16 = −4r − 8, yaani y = 1 − r/2. Safari hii hata r² imeondoka pamoja na wenzake. Kitovu tusichokijua sasa kinaongozwa na r peke yake.

Rudisha thamani hizo kwenye mlinganyo wa kwanza: (1 − r/3)² + (1 − r/2)² = (r + 1)². Fungua, zidisha kila kitu kwa 36, kusanya upande mmoja, na utabaki na 23r² + 132r − 36 = 0. Chini ya kipeuo cha pili kunatokea 20,736, ambayo ni 144 mara 144. Kwa hiyo r ni 6/23 au −6.

Kwa r = 6/23, kitovu ni (21/23, 20/23). Hakiki: 21² + 20² ni 441 + 400, yaani 841, ambayo ni 29 mara 29. Umbali kutoka kitovu cha A ni 29/23, na r + 1 ni 29/23. Duara dogo limekaa mahali pake.

Jibu la pili mwanafunzi hulikata kwa kalamu nyekundu bila kufikiri: nusukipenyo hakiwezi kuwa hasi. Ni kweli, hakiwezi. Lakini weka −6 kwenye x na y uone: x = 3, y = 4. Chora duara lenye kitovu (3, 4) na nusukipenyo 6. Kutoka hapo hadi kitovu cha A ni 5, sawa na 6 − 1. Hadi B ni 4, sawa na 6 − 2. Hadi C ni 3, sawa na 6 − 3. Ni duara kubwa linaloyakumbatia yote matatu na kuyagusa kwa ndani! Hatukuliuliza, lakini mlinganyo haukuweza kulificha, kwa sababu (−6 + 1)² na (6 − 1)² kwake ni kitu kimoja. Alama ya hasi inaeleza upande wa mguso. Nikisahihisha, atakayelikata jibu hilo bila kulichora hapati alama zote.

Maduara ya mwanzo yakiwa yametengana kabisa, unaweza kuamua kila moja liguswe kwa nje au kwa ndani, na majibu yanaweza kufika 8. Kila uamuzi unabadilisha alama tu. Kutoa kunabaki kulekule.

Descartes mwenyewe hakuendelea hadi namba ya mwisho. Alipofika mahali ambapo visivyojulikana viwili vimeandikwa kwa kutumia cha tatu, aliweka kalamu chini, akisema kwamba kilichobaki hakiikuzi akili bali kinapima subira ya mkokotoaji. Hapo namwelewa, ingawa sikubaliani naye: angekokotoa mfano mmoja tu kama huu wetu, lile duara la −6 lingemtokea mezani. Elisabeth kwa upande wake aliifanya kazi, na tarehe 29 Novemba Descartes akamjibu kwa kuisifu. Katika barua hiyo ya pili alishughulikia maduara matatu yanayogusana na kutoa uhusiano unaounganisha nusukipenyo cha kila moja kati ya yale manne.

Uhusiano huo leo huandikwa kwa ufupi. Badala ya nusukipenyo, tumia 1 iliyogawanywa kwa nusukipenyo. Jumlisha namba nne, ipe jumla hiyo kipeo cha pili, nayo italingana na mara mbili ya jumla ya vipeo vya pili vya kila moja. Kwetu ni 1, 1/2, 1/3 na 23/6. Jumla ni 34/6, na kipeo chake cha pili ni 1,156/36. Upande wa pili ni 2 × 578/36, ambayo ni 1,156/36. Weka −1/6 badala ya 23/6, na pande zote mbili zinatoa 100/36. Mwaka 1936 Frederick Soddy, mwanakemia aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya 1921, aliitoa upya kanuni hiyo katika jarida la Nature, tena kwa mashairi.

Swali hilihili limo ndani ya simu yako. Setilaiti za GPS huzunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na simu hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika. Saa ya simu ni ya bei nafuu, na ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Lakini kosa hilo ni lilelile kwa kila setilaiti. Linaongeza au kupunguza kipimo kimoja kwenye nusukipenyo cha kila tufe lenye setilaiti kitovuni, kama r yetu ilivyoongezwa kwenye 1, 2 na 3. Basi linahesabiwa kuwa kisichojulikana cha nne kando ya x, y na z, na ndiyo maana setilaiti tatu hazitoshi.

Vifaa vingi hulifikia jibu kwa kulikaribia hatua kwa hatua, lakini njia ya moja kwa moja ipo, na Stephen Bancroft aliichapisha mwaka 1985. Ukiifuata kwa mtindo wa barua ya Egmond, unaandika milinganyo minne, unatoa mmoja kwenye mingine mitatu, vipeo vya pili vinaondoka, kisha unarudisha na kubaki na mlinganyo mmoja wa kipeo cha pili. Majibu ni mawili hapa pia. Kwa kawaida moja linakuweka karibu kilomita 6,371 kutoka kiini cha Dunia, yaani juu ya ardhi unayoikanyaga, na jingine linakutupa mbali na uso wa Dunia. Hilo la pili, baada ya kupimwa, ndilo linalokatwa.