Jiwe Juu ya Hewa

Chukua mfuko wa nailoni, upulize mpaka ujae, ufunge kwa rababendi. Ulaze kati ya viganja vyako, kisha weka jiwe dogo juu ya kona yake moja. Minya taratibu: jiwe linapanda. Legeza: linazama, na plastiki inajikunja kulizunguka. Hiyo ndiyo Jiwe na Hewa, kazi ya mwaka 1966 ya Lygia Clark, msanii wa Brazili. Hakuna kingine kilichofichwa.

Nilipotaka kuijaribu sebuleni kwangu Dar es Salaam, nilikwama kwenye mfuko. Tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, ikabidi nifute makombo kwenye mfuko wa mkate. Wa kwanza ulivuja. Wa pili ulikubali, nikafumba macho, na hapo ndipo nilipoelewa ufundi wenyewe uko wapi. Vidole havifiki kwenye jiwe. Kila ninapominya, hewa inaipeleka nguvu ile kila upande wa mfuko kwa pamoja, na jiwe linaitikia kwa kuchelewa kidogo. Mkono umezoea kushika kitu na kukitawala. Hapa unabembeleza, kama anayepakata mtoto aliyelala, na ule ucheleweshaji unaufanya uamini kwamba kilichomo kinapumua.

Wazo lilimjia Clark baada ya kuumia kifundo cha mkono, akawa amefungwa mfuko wa plastiki mkononi. Alipouvua aliujaza hewa akauwekea jiwe. Kabla ya hapo alikuwa amejipatia jina kwa sanamu za chuma zenye bawaba, alizoziita Bichos, yaani wadudu au wanyama wadogo kwa Kireno. Mtazamaji aliruhusiwa kuzigeuza atakavyo. Ni kazi nzuri, lakini kwa maoni yangu macho bado yalikuwa bosi: unageuza ili uone umbo jipya.

Mwaka 1968 akatengeneza glavu. Zilikuwa za aina mbalimbali, na pamoja nazo mipira ya ukubwa, uzito na mguso tofauti. Mtu anashika mpira kwa glavu hii, anabadili, anajaribu nyingine, mwishowe anaushika kwa mkono mtupu. Utamu uko kwenye mpangilio huo. Baadhi ya vipokezi vya ngozi huamka tu pale kitu kinapobadilika, na ndiyo maana shati ulilovaa asubuhi umeshalisahau kabla chai haijapoa. Glavu nzito inauziba mkono, na ikivuliwa mkono unaupokea ule mpira kana kwamba haujawahi kukutana nao. Clark hakuongeza chochote kwenye mpira. Aliuondolea mkono mazoea.

Kuanzia 1972 alifundisha chuo cha Sorbonne, Paris, na huko majaribio yakawa ya kundi. Kwenye Wavu wa Rababendi, wa 1974, wanafunzi walifunga rababendi moja kwa nyingine, zile zile za kufungia noti, mpaka ukapatikana wavu mkubwa wa kuingia watu kadhaa. Ukinyoosha mguu, mwenzako wa upande wa pili anavutwa bega. Jinsi kundi lilivyokaa ndivyo wavu unavyokaa, kwa hiyo hakuna pa kusimama ukawa mtazamaji. Kazi nyingine ya miaka hiyo ilitumia nyuzi za rangi: watu wanapiga magoti kumzunguka aliyelala, kila mmoja ana kidonge cha uzi mdomoni, anauvuta ukiwa umelowa mate na kumdondoshea mwilini mpaka afunikwe. Si mchezo wa kufanya na wakwe.

Kazi zote hizi huishi mikononi mwa watu, ndiyo maana vitu vyake vikiwekwa ndani ya kioo huonekana kama takataka zilizopewa heshima. Kwenye maonyesho ya kazi za Clark ya 2014, katika jumba la sanaa la MoMA, New York, ziliwekwa nakala za kushikwa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Mfuko usiominywa ni mfuko tu.

Mpwa wangu, wa miaka tisa, alisimama akiniangalia nimefumba macho na mfuko wa mkate mkononi. “Mjomba, mbona unajichekea?” Nikampa sehemu. Akaweka viganja vyake nje ya vyangu, vya kwangu vikabaki kati ya vyake na mfuko, naye akafumba macho. Jiwe likapanda. Akadai nimeminya mimi. Nilikuwa nasubiri aminye yeye.