Juu ya Neno "Shimo Jeusi"

Neno "shimo jeusi" limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya elimu ya nyota, wala sina nia ya kuling'oa. Lakini msomaji alisikiapo hudhani ni mahali patupu pa kutumbukia tu, na jambo lenyewe si hivyo. Katikati ya galaksi M87, iliyomo kitovuni mwa kundi la galaksi liitwalo Virgo, pana shimo lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5, ambalo picha ya kivuli chake ilitangazwa mwaka 2019. Gesi ya moto imeizunguka galaksi hiyo. Wataalamu waona kwamba baadhi yake hupoa, ikaanguka katikati na kulilisha shimo. Nalo hurusha nje mkondo wenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru, unaoipasha gesi ile ile isipoe upesi na kuzaa nyota. Shimo la galaksi yetu, la uzito wa Jua mara milioni 4, limetulia, kwani gesi ilifikiayo ni haba. Basi kwa kazi yake kitu hiki chakaribia tanuri kuliko shimo. Mwandishi asemaye kwamba "humeza kila kitu" amefuata neno, ameacha jambo. Neno na libaki. Maelezo ndiyo yatengenezwe.