Mkono wa Mhariri

Aprili 1841, jarida la Graham's Magazine la Philadelphia lilichapisha hadithi ya Edgar Allan Poe kuhusu mauaji ya mama na binti yake katika chumba kilichofungwa kwa ndani, jijini Paris. Poe mwenyewe ndiye aliyekuwa mhariri wa jarida hilo. Kwa hiyo hadithi ya upelelezi tunayoijua leo ilizaliwa jaridani. Miaka hamsini baadaye, Julai 1891, Arthur Conan Doyle alianza kumleta Sherlock Holmes katika The Strand Magazine la London, hadithi fupi baada ya hadithi fupi. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: mhusika awe yuleyule kila mwezi, lakini kila hadithi ijitosheleze, ili aliyekosa toleo moja asiachwe nyuma. Jarida halikuwa gari la kubebea hadithi tu. Ndilo lililoipa umbo.

Wanaoyakumbuka majarida hayo ya zamani huwataja wapelelezi wake na majalada yake ya rangi kali. Mimi moyo wangu huenda kwa mhariri, mtu ambaye kazi yake hufichwa na kazi za wengine. Na katika wahariri wote wa fani hii, sijaona wa kumlinganisha na Frederic Dannay.

Dannay na binamu yake Manfred B. Lee, wote wazaliwa wa Brooklyn, waliandika pamoja kwa jina la Ellery Queen, ambalo pia ni jina la mpelelezi wao. Riwaya yao ya kwanza ilitoka 1929. Dannay alibuni visa na vidokezo, Lee akavivika nyama na damu. Mwaka 1933 walijaribu kuanzisha jarida. Lilitoka mara nne likafa. Mwaka 1941 likaja la pili, Ellery Queen's Mystery Magazine, dogo la kuingia mfuko wa koti. Hili Dannay alilihariri hadi alipofariki mwaka 1982, na mpaka leo linachapishwa.

Ili kuupima ufundi wake, sharti tujue hadithi za aina hii zilikuwa wapi wakati ule. Nyingi zilitoka katika majarida ya bei poa kama Black Mask, yaliyopigwa chapa kwenye karatasi duni iliyogeuka manjano na kuvunjikavunjika. Toleo jipya likifika, la zamani hutupwa. Humo ndimo Dashiell Hammett alimochapisha, kuanzia 1923, visa vya mpelelezi wake mnene asiyetajwa jina. Kufikia miaka ya 1940 Hammett alijulikana kwa riwaya kama The Maltese Falcon, lakini hadithi zake fupi zilikuwa zimezikwa katika matoleo ambayo hakuna aliyefikiri kuyatunza. Dannay alizifukua. Alizichapisha upya jaridani, na kuanzia 1944 akazikusanya katika vitabu vidogo vya bei nafuu, kila kimoja na utangulizi wake.

Tazama pia alivyopanga. Katika toleo la kwanza kabisa, Hammett, aliyeandika kwa lugha kavu ya mitaa ya Marekani, aliwekwa pamoja na Margery Allingham, Mwingereza wa sentensi laini na nyumba za wakwasi. Wasomaji wa upande mmoja hawakuzoea kuvuka kwenda upande wa pili. Dannay hakuwahubiria, aliwakalisha waandishi hao ndani ya jalada moja, akamwachia msomaji agundue kwamba wote wawili wanashindania jambo lilelile: kuficha ukweli mahali peupe.

Lakini kilele cha ufundi wake ni yale maelezo mafupi aliyoyaweka juu ya kila hadithi. Kuyaandika ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Anayesifu shairi anaweza kunukuu ubeti. Anayesifu hadithi ya upelelezi hana ruhusa ya kugusa kile hasa kinachostahili sifa, kwani akikigusa ameiua. Dannay alijua njia za pembeni. Alieleza hadithi ilichapishwa wapi kwanza, mwandishi alikuwa nani, na ni jambo gani jipya aliloliongeza katika fani. Msomaji akaingia ndani akiwa na kiu zaidi, na siri ikiwa bado nzima. Tabia yake ya kubadili vichwa vya hadithi iliwaudhi baadhi ya waandishi, na walikuwa na haki. Hata hivyo, udhia huo ulitoka kwa mtu aliyesoma kila neno mpaka la mwisho.

Maelezo hayo yalisimama juu ya elimu. Dannay alikusanya vitabu vya hadithi fupi za upelelezi kwa miaka mingi, na hazina hiyo baadaye ikaenda Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1942 alitoa orodha ya vitabu vya aina hiyo. Mwaka 1951 akachambua vitabu 106 alivyoviona kuwa nguzo za fani. Mkusanyiko wake mkubwa wa 1941 ulipita karne nzima tangu Poe. Ule wa 1943 uliwahusu wanawake, wapelelezi kwa wahalifu.

Aliyeijua hivyo kazi ya waliotangulia aliweza kumtambua mgeni akibisha hodi. Mwaka 1946, katika shindano la kwanza la jarida, William Faulkner alipata nafasi ya pili, miaka michache kabla ya Tuzo ya Nobel. Mwaka 1948 Dannay alichapisha hadithi ya kwanza ya Stanley Ellin, kijana asiyejulikana aliyekuja kuwa bingwa wa hadithi fupi. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, wasomaji wa Kiingereza walimpata kwa mara ya kwanza Jorge Luis Borges wa Argentina, katika kurasa hizohizo zilizodhaniwa ni za kupitishia muda garimoshini.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua nguvu ya mlango wa namna hiyo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, pamoja na kiko chake na fikra zake za taratibu, alitufikia kupitia shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58. Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa 1960. Baada yake wakaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, Elvis Musiba na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Vitabu vyao wapo wanaovitunza. Zilizo hatarini ni hadithi zilizotoka kipande kwa kipande katika magazeti na majarida yetu, nazo zilitupwa kama zile za Black Mask, pengine zikafungia maandazi.

Kazi iliyofanywa na Dannay haihitaji mtambo wala fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kuketi na magazeti makuukuu, asome yote, achague zilizo bora, aandike juu ya kila moja nani aliyeitunga, ilitoka wapi na lini, na kwa nini isomwe tena. Hadithi zetu zinamstahili mtu huyo, na wapo wazee wanaozikumbuka ambao bado anaweza kuwauliza. Aanze sasa.