Enguli ilivyogeuka jini: hesabu kwa wakulima wa matunda wa Mara

Msimu wa maembe ukikolea, bei huanguka Bunda na Butiama kwa wakati mmoja. Mkulima anayeona embe likioza chini ya mti ana haki ya kuuliza kama haliwezi kugeuzwa kinywaji cha chupa, chenye nembo na stempu ya kodi. Inawezekana. Ng'ambo ya ziwa, Uganda walifanya hivyo kwa ndizi tangu miaka ya 1960, na namna walivyofanya inafaa kuchambuliwa kabla ya mtu kununua mtambo.

Enguli, pombe kali ya ndizi ya Uganda, huanzia shambani. Ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa hadi zilainike, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Nyasi zina kazi: huzuia ndizi zisigeuke uji, juisi ikachuruzika safi. Hutiwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, huachwa ichachuke. Wahaya wa Kagera wanaijua kazi hii. Rubisi yao hutoka hapo hapo. Anayetaka enguli huipika kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye bomba lililozamishwa majini, na kinachodondoka upande wa pili ni kikali, kina harufu ya ndizi na mara nyingi ya kuungua.

Mwaka 1965 ikaja Sheria ya Enguli. Kupika bila leseni kukawa kosa, na mwenye leseni alitakiwa kuuza enguli yake kiwandani, ambako ilisafishwa upya na kutiwa kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Kitaalamu mgawanyo huo ulikuwa sahihi. Mapishi ya kwanza hayahitaji mtambo wa gharama, na yanapunguza mzigo: lita 100 za pombe iliyochachuka huwa lita 25 hivi za ghafi.

Mapishi yanayofuata ndiyo yanayotenganisha gongo na jini. Jini huanza na pombe isiyo na harufu yake yenyewe, ndipo itiwe viungo. Pipa likipikwa mara moja hutoa alikoholi ya asilimia 30 hivi, mara ya pili 60 na kitu. Mnara wenye sahani ndani yake, ambamo mvuke huganda na kuchemka tena kwenye kila sahani, unaweza kufika 96. Hapo hapo mpishi hukata: mtiririko wa kwanza, wenye harufu ya gundi, humwagwa, wa katikati huwekwa, wa mwisho, mzito na wenye mafuta, hutengwa. Na Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, alikoholi tupu kwenye 75 badala ya 78. Anayefuata vipimo vya kitabu cha Ulaya atakata akiwa amechelewa.

Kuna pia sumu ya methanoli. Embe, pera na ndizi zina pektini, nayo ikivunjika huitoa. Kwa kawaida ni kidogo, lakini haiondoki yote kwa kumwaga mtiririko wa kwanza, kama wengi wanavyoamini. Ni lazima ipimwe maabara. Vifo vya watu wapatao 80 Kabale, Aprili 2010, vilitokana na methanoli iliyochanganywa kwenye waragi wa magendo. Chombo kimoja cha pamoja hupimika. Mapipa mia moja vichakani hayapimiki.

Kasoro ya mpango wa Uganda ilikuwa ya kibiashara: mkulima aliishia mlangoni mwa kiwanda, na mnunuzi akiwa mmoja muuzaji hana pa kubishania bei.

Sasa hesabu ya Mara. Juisi ya embe ina sukari gramu 140 hivi kwa lita, na kila gramu 17 huzaa asilimia moja ya alikoholi. Hiyo ni asilimia 8. Lita 100 za juisi, kutoka maembe yanayokaribia kilo 200, zina lita 8 za alikoholi tupu. Robo ikipotea kwenye kupika na kukata, zinabaki 6, yaani lita 15 za jini ya asilimia 40. Chupa 20. Kwa hiyo kinachostahili moto ni tunda lisilo na mnunuzi tu. Chungwa zuri liuzwe, ganda la lisilouzwa ndilo liingie kwenye jini kama kiungo, pamoja na matunda ya mtarakwa wa milimani kwetu, ambayo kampuni ya Procera ya Nairobi imejengea jini yake badala ya yale ya Ulaya.

Tanzania nayo ina sheria ya moshi, yaani gongo, ya mwaka 1966, na kupika nyumbani bila leseni ni kosa. Ndiyo maana ningegawa kazi mapema kuliko Uganda: familia zikamue na kuchachua, moto wote uwe chini ya leseni moja ya ushirika wao wenyewe, unaowajibika kwa TBS na TRA. Hasara ni usafiri, kwa kuwa pombe iliyochachuka ni mzigo mkubwa na ikikawia hugeuka siki. Mtambo basi uwe Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na maji ya ziwa ya kupozea, na kila pipa linaloletwa lilipwe kwa lita za alikoholi zilizopimwa humo mbele ya aliyelileta, huku faida ya chupa ikigawanywa kwa hesabu hiyo hiyo mwisho wa msimu.