Trei ya Mayai

Dada yangu alipohamia Columbus, Ohio, hata wiki mbili hazijaisha alinipigia simu amewaka. Mwanawe wa miaka sita ameanza shule, basi la njano linamchukua kila asubuhi, na siku hiyo mama mtu alichungulia ndani aone kama mtoto amefungwa mkanda. Mikanda haikuwepo. "Kaka, mimi nikimpakia kwenye gari langu bila kiti chake cha mtoto, polisi ananiandikia faini. Halafu serikali hiyohiyo inampakia kwenye basi kama gunia la mkaa!"

Sikuwa na la kumjibu. Nikaanza kusoma kanuni za mabasi hayo moja baada ya nyingine, nikiwa nimejiandaa kabisa kumuunga mkono. Nilipomaliza nilikuwa nimekubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu waliolibuni basi lile walianza na uamuzi mmoja mgumu: mtoto asitegemewe kufanya lolote ili aokoke.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayojulikana kuliko yote. Aprili 1939, Frank Cyr, profesa wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwakutanisha wajumbe wa majimbo yote 48 ya wakati ule pamoja na watengenezaji wa mabasi na wa rangi. Gharama zilitoka kwenye msaada wa dola 5,000 wa taasisi ya Rockefeller. Enzi hizo mtoto wa shamba alipelekwa shule kwa lori, kwa gari la farasi, kwa chochote kilichopatikana. Kulikuwa na wilaya iliyopaka mabasi yake nyekundu, nyeupe na bluu, rangi za bendera, ili watoto wajifunze uzalendo njiani. Kikao kilitoka na viwango 44. Kuhusu rangi, vipande karibu 50 vilitundikwa ukutani, kuanzia njano ya ndimu hadi nyekundu ya machungwa, na wajumbe wakachagua njano iliyokolea kwa sababu herufi nyeusi juu yake zinasomeka hata kwenye mwanga hafifu wa asubuhi. Ni kazi nzuri. Ila rangi humsaidia dereva mwingine akuone tu. Akishakuona, yaliyobaki ni hiari yake. Nitarudi hapo.

Ndani ya basi kazi ilichelewa karibu miaka arobaini. Mwaka 1967 Derwyn Severy na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya majaribio ya kugonganisha mabasi ya shule yaliyopakiwa masanamu ya vipimo. Viti vya mabasi ya zamani vilikuwa na migongo mifupi, na juu ya mgongo palikuwa na bomba la chuma lisilofunikwa. Mtoto aliyekaa nyuma yake, basi likigonga, anaendelea mbele kwa mwendo uleule ambao basi lilikuwa nao, na kitu cha kwanza kumpokea ni bomba lile, usawa wa meno. Akiliruka, anaangukia wa mbele yake. Severy alipendekeza migongo mirefu, imara, iliyofunikwa sponji nene. Mwaka 1974 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuilazimisha serikali iweke viwango vya mabasi ya shule, na tarehe 1 Aprili 1977 vikaanza kutumika.

Jibu la dada limo katika kiwango namba 222. Wahandisi wenyewe hupenda kukieleza kwa mfano wa trei ya mayai. Yai halifungwi kamba. Linakaa kwenye kishimo chake, na trei ikitikisika linasogea kidogo tu kabla ya kukutana na ukuta unaobonyea. Kiti cha basi la shule ni kishimo hicho. Mgongo wa kiti cha mbele ndio ukuta wa mtoto wa nyuma, kwa hiyo umbali kati yao umewekewa kikomo: kuanzia usawa wa nyonga ya aliyekaa hadi kiti cha mbele, usizidi sentimita 61. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hapo, mtoto anafika kwenye ukuta akiwa ameshika kasi mno, au anapita juu au pembeni. Wazazi wanaolalamika kwamba viti vya mabasi hayo vinabana magoti hawajui kuwa kule kubana ndiko kinga yenyewe.

Urefu wa mgongo nao umepangwa. Kwanza ulikuwa sentimita 51 juu ya usawa wa nyonga, kisha kwa kanuni ya 2008 ukapandishwa hadi 61, maana watoto wa sekondari wangeweza kupita juu.

Penye ufundi hasa ni kwenye fremu. Kichwa hakivunjwi na mwendo, kinavunjwa na kusimama ghafla, hivyo kazi ya kiti ni kuurefusha ule muda wa kusimama. Chuma kikiwa kigumu kama nguzo, mtoto anasimama papo hapo na fuvu ndilo linalolipa. Kikiwa laini, kiti kinalala na kumwangukia wa mbele. Kwa hiyo kanuni haiishii kudai "kiti imara". Inatoa grafu: kiti kisukumwe kwa nguvu kiasi fulani, kipinde kiasi fulani, na mstari wa kipimo usitoke nje ya eneo lililochorwa, juu wala chini. Kiti kinachokataa kupinda hakifaulu, sawa na kile kinachopinda ovyo. Mimi niliyezoea kusifia kitu kwa kusema "hiki ni chuma kweli kweli" nilijifunza kitu hapo.

Viwango vingine vya mwaka ule vinakamilisha trei. Namba 220 inataka paa libebe mara moja na nusu ya uzito wa basi tupu bila kubonyea zaidi ya milimita 130. Namba 221 inahusu maungio ya mabati: kila kiungo kiwe na walau asilimia 60 ya nguvu ya bati dhaifu kati ya yale kinayounganisha, kwa sababu bati likifumuka linageuka panga ndani ya basi lililojaa watoto. Uzito nao unasaidia. Basi la zaidi ya tani kumi likigongana na gari dogo, gari dogo ndilo linalosimamishwa. Basi linapunguza mwendo, na sakafu yake iko juu kiasi kwamba pigo kwa kawaida linapita chini ya miguu ya watoto.

Mikanda basi iliachwa kwa nini? Mkanda unahitaji mtu wa kuufunga, kuukaza na kuhakikisha haukufunguliwa njiani, na kwenye basi la watoto 60 mtu mzima ni mmoja, naye macho yake yako barabarani. Halafu mkanda uliokuwepo wakati ule ulikuwa wa kiunoni tu, unaomkunja mtoto katikati kama kisu cha kukunja na kumuumiza tumbo. Mabasi madogo, yasiyozidi kilo 4,536, yaliwekewa mikanda kisheria kwa sababu hayana uzito wa kuwalinda. Makubwa yakaachiwa trei.

Trei, hata hivyo, ina upande wa wazi. Imetengenezwa kwa pigo la mbele na la nyuma. Basi likigongwa ubavuni au likipinduka, mtoto anatoka kwenye kishimo chake na kurushwa hadi ng'ambo. Tarehe 21 Novemba 2016, huko Chattanooga, Tennessee, basi la shule lililokuwa likikimbia kupita kiasi lilitoka barabarani, likagonga nguzo na mti, na watoto sita wakafa. Mwaka 2018 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilipendekeza mabasi makubwa mapya yote yawe na mikanda ya kiunoni na begani. Mikanda hiyo ya siku hizi inafungwa kwenye viti ambavyo bado vinapinda kwa grafu ileile, kwa hiyo asiyefunga hapotezi kinga ya zamani. Hapa dada yangu ana haki, na majimbo machache yameshaisikia hoja kama yake. Ohio bado.

Kuna tukio moja lililofundisha kwamba kumlinda mtoto na pigo hakutoshi. Usiku wa tarehe 14 Mei 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, dereva mlevi aliyekuwa akiendesha pikapu upande usio wake aligongana na basi la kanisa lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka matembezini. Basi hilo zamani lilikuwa la shule. Pigo lenyewe halikuua hata mmoja wao. Ila tangi la petroli lilitoboka, mlango wa mbele ukaziba, na watu zaidi ya 60 wakabaki na mlango mmoja wa nyuma, kwenye njia nyembamba kati ya viti ambavyo sponji yake ilipowaka ilitoa moshi wa sumu. Walikufa 27, kati yao watoto 24. Chasi ya basi lile ilikuwa imetengenezwa Machi 1977, siku chache tu kabla ya kiwango cha ulinzi wa tangi la mafuta kuanza kuyahusu mabasi ya shule.

Kentucky ilijibu kwa kuhesabu matundu. Basi la shule la jimbo hilo likawa na njia tisa za kutokea: mlango wa mbele, wa nyuma, wa ubavuni, madirisha manne ya dharura na vifuniko viwili vya paa. Dizeli nayo ikachukua nafasi ya petroli. Serikali kuu ikafuata, idadi ya njia za dharura ikapangwa kulingana na idadi ya abiria.

Yote hayo yanamlinda mtoto akiwa ndani. Akishuka, hesabu inageuka, na hatari kubwa iko kwenye zile mita tatu kulizunguka basi. Miaka ya tisini iligundulika kwamba kamba za makoti ya watoto zilikuwa zikinasa kwenye bomba la kushikia mlangoni. Dereva anafunga mlango, anaondoka, mtoto anaburutwa. Kipimo kilichobuniwa kingeweza kufanywa na fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam: nati iliyofungwa kwenye uzi inaingizwa nyuma ya bomba, inavutwa, ikinasa bomba libadilishwe. Vioo vya mbele navyo vinapimwa kwa kupanga mapipa madogo ardhini kulizunguka basi, mengi ya kimo cha sentimita 30, na dereva lazima ayaone akiwa kitini. Mabasi mengi yana pia fimbo kwenye bampa la mbele inayofunguka mlango unapofunguka, ili mtoto anayevuka alazimike kuizunguka na kujitokeza mbele ya macho ya dereva.

Hadi hapo bado hakuna anayeombwa hisani. Kisha kinakuja kibao chekundu chenye pembe nane kinachochomoza ubavuni pamoja na taa nyekundu za kuwakawaka, kikimwambia dereva mgeni: simama. Kiwango chake kilianza 1992. Mwaka 2019 madereva wa mabasi wa majimbo 39 waliombwa wahesabu, kwa siku moja, magari yaliyopita kibao hicho. Yalizidi 95,000.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 30 Oktoba 2018, ndugu watatu, msichana wa miaka tisa na wadogo zake mapacha wa miaka sita, waligongwa na kufa wakivuka kuelekea basi lao nje ya Rochester, Indiana. Kulikuwa bado giza. Basi lilikuwa limesimama, kibao kiko nje, taa zinawaka. Aliyewagonga alisema taa aliziona, ila hakutambua kuwa ni za basi la shule. Gizani njano ya Profesa Cyr haikuwa na kazi. Jimbo liliongeza adhabu, sawa. Lakini hatua niliyoiheshimu zaidi haikugharimu hata bati moja: kituo kilihamishiwa ndani ya makazi ya watoto wenyewe, wasivuke tena barabara ile.

Huku kwetu, njano imeenea. Kenya imeilazimisha, na Dar es Salaam hutembei asubuhi bila kuiona kwenye Coaster na Hiace. Yaani katika kazi yote hiyo tuliazima sehemu inayotegemea hisani ya dereva mwingine. Tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia, Karatu, tulipoteza kwa mpigo: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, basi lao lilipotumbukia korongoni. Watoto watatu walipona. Siwezi kudai kiti fulani kingewaokoa wengine. Ninachokumbuka ni kwamba katika mazungumzo ya miezi ile, barazani na redioni, nilisikia habari za breki, mwendo na mvua. Habari za viti sikusikia.

Mwezi uliopita nilimwomba dereva wa Hiace inayowapeleka shule watoto wa mtaani kwetu aniruhusu nipande na futi. Gari ni la njano, limeoshwa, lina maandishi meusi yanayosomeka vizuri. Benchi la watu watatu linakalia wanne. Mlango wa nyuma umezibwa na siti ya mwisho. Migongo ni mifupi, na juu ya kila mmoja fundi amechomelea bomba la chuma, tupu, likang'arishwa kwa kushikwa. Nilikaa, nikainama hadi kimo cha mtoto wa darasa la pili, nikapima. Lilinifika mdomoni.

Nikamuuliza dereva lile bomba ni la nini.

"La kushikilia, mzee," akasema. "Usalama."