Mawese yanaenda, sabuni inarudi

Leo nina neno juu ya ile "uhamisho wa teknolojia".

Neno lenyewe si jipya. Liko katika mkataba wa tabianchi wa 1992, likarudi katika kifungu cha 10 cha Makubaliano ya Paris ya 2015. Oktoba 2022 Kinshasa ikapokea mkutano wa kutayarisha COP27, na serikali yetu ikajiita "nchi ya suluhisho". Sawa. Mimi niko Swima, mtu wa agronomia, ninauliza: hiyo teknolojia inahamia wapi?

Kwetu kiwanda ni pipa juu ya mafiga. Ngazi ndani, kuni chini, mama anachochea tangu asubuhi. Kisha wanaume wanazungusha mashini ya kukamua kwa mikono. Mawese yanapanda gari kwenda Uvira, na sisi tunanunua sabuni yenye kutoka mbali. Kinachoniuma zaidi ni yale makapi. Nyuzi na maganda ya ngazi, viwanda vya Malaysia vinachoma hayo hayo kwenye boila kupata mvuke na umeme. Sisi tunatupa kando, halafu tunapanda mlimani kukata miti. Jamani!

Kuna mradi mmoja ulituletea mashini ya mota. Picha zikapigwa, tisheti zikagawiwa. Kipande kimoja kikavunjika: spea inatoka ng'ambo, fundi hakufundishwa, mradi umeshafunga. Leo kuku wanataga mule. Na kwenye ripoti, nina hakika, tumehesabiwa kama watu waliofikiwa.

Wengine watasema Kivu haiwezekani juu ya vita. Basi watazame Mutwanga, kule Beni. Umeme wa maji ulijengwa pembeni ya hifadhi ya Virunga, na kiwanda cha sabuni kikaja kuutumia, kikinunua mawese ya wakulima wa karibu. Kakao nayo ikapata njia: Dominique Persoone, mtengeneza chokoleti wa Bruges kule Ubelgiji, akashirikiana na hifadhi kutengeneza chokoleti hapo hapo. Matebe, Rutshuru, mtambo wa zaidi ya megawati 13 ulizinduliwa Desemba 2015. Hiyo yote ni Kivu, na waasi walikuwepo.

Lakini tusidanganyane, hata Mutwanga ina kasoro. Pesa nyingi za ile mitambo ni za wafadhili, Umoja wa Ulaya na wakfu wa Howard G. Buffett, si za biashara iliyojilipa yenyewe. Na mkulima pale ni muuzaji, hana hisa. Siku mfadhili akichoka, nani ataketi mezani kusema juu ya bei? Walichopatia ni mpangilio: umeme kwanza, mnunuzi, ndiyo mashini. Kwetu walianza na tisheti.

Kampuni ya nje ikitaka kuja Fizi, mimi siombi zawadi. Niombe mkataba wenye hisa za koperative, spea zinazopatikana Uvira, na vijana wawili watatu waliofundishwa kufungua ile boila na kuifunga tena. Maji tuko nayo, Mutambala inashuka kila siku hadi ziwani bila kuwasha hata taa moja.

Bon, naishia hapa. Kesho mama anapika ngazi, na amenituma kuni.